Maktaba ipo kwenye kache, programu inasema haipo: kisa cha seva ya mialo Kigoma

Kisa hiki kilitokea kwenye ofisi moja ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Jina la ofisi, la programu na la kampuni iliyoiuza nimeyaondoa. Programu nitaiita mizani, na njia za folda nimezibadilisha zifuate jina hilo. Mwaka nauacha. Nimekiandika kwa ajili ya wanaosimamia seva za Linux peke yao, wale ambao likiharibika jambo saa nne usiku hawana wa kumgeukia ofisini.

## Usuli

Ofisi inapokea takwimu za samaki kutoka mialo kadhaa (sehemu za kushushia samaki) ya Ziwa Tanganyika. Dagaa na migebuka wakishapimwa asubuhi, karani wa mwalo anaingiza uzito kwenye simu, na simu inatuma kwa seva iliyoko mjini. Seva ni moja, Linux ya Debian 12, imewekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo, na mafundi wanne wa nyakati tofauti pamoja na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wana akaunti humo. Kila usiku saa nane, kazi ya cron (ratiba ya kujiendesha) ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, inakusanya takwimu za siku na kuzipeleka makao makuu kwa amri ya curl kupitia sftp, njia salama ya kutuma mafaili.

Programu ya mizani ilinunuliwa. Ilikuja kama kifurushi cha kufungua ndani ya /opt/mizani, kikiwa na folda ya bin na folda ya lib. Ndani ya lib mna maktaba za pamoja, yale mafaili ya .so ambayo programu inayaazima inapoanza: libmizani.so.2, libsqlite3.so.0 na libcurl.so.4. Hiyo libcurl ni ya muuzaji mwenyewe, aliiunda ndogo ili asitegemee ile ya mfumo. Msomaji aishike hapo, tutaihitaji.

Kwa miaka miwili mizani iliendeshwa na root kwa skripti ya mistari miwili:

    export LD_LIBRARY_PATH=/opt/mizani/lib
    exec /opt/mizani/bin/mizanid

Root hagongi hodi popote, kwa hiyo kasoro mbili zilikuwa zimelala humo bila mtu kuzisikia. Ya kwanza ni kwamba folda ya lib ilikuwa na ruhusa 700, yaani mwenye folda peke yake ndiye anayeingia, na mafaili yake yalisomwa na root peke yake, maana siku ya sasisho fulani mtu aliifuta akaiunda upya kwa mkono, na umask ya root kwenye seva ile (mpangilio unaokata ruhusa za kila faili jipya) ni 077. Ya pili ni kwamba mahali pa kutafutia maktaba palikuwa pameandikwa sehemu moja tu, kwenye kigezo cha LD_LIBRARY_PATH, ambacho mfumo una haki ya kukipuuza.

Mkaguzi alipopita aliandika kwamba programu inayopokea data kutoka nje isiendeshwe na root. Sahihi kabisa. Ofisi ikaamua kazi hiyo ifanyike wakati ziwa limefungwa. Ufungaji wa Ziwa Tanganyika ulianza mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na kipindi hicho mialo hutulia. Miezi mitatu ilikuwepo, lakini karatasi ya malipo ya fundi ilitoka wiki ya mwisho. Wanaofanya kazi hizi hawatashangaa.

Fundi mwenyewe alikuwa kijana hodari, aliyejifunza kazi mahali pengine kwenye seva za FreeBSD, mfumo unaofanana na Linux lakini si Linux. Nataja hilo kwa sababu uamuzi wake mmoja mkubwa ulitoka huko. Hakukuwa na maandishi yoyote ya kukabidhiana. Palikuwa na daftari la kaunta lenye nywila mbili zilizopitwa na wakati na namba ya simu ya fundi aliyehamia Tabora.

## Kilichotokea

Jioni ya tarehe 12 Agosti fundi aliunda mtumiaji anayeitwa mizani, akatengeneza yuniti ya systemd (faili la maelekezo ya kuwasha huduma) ya kuendesha programu kwa jina la mtumiaji huyo, na LD_LIBRARY_PATH akaiweka humo humo. Programu inasikiliza poti 443, na poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida hazifunguliwi na mtu wa kawaida. Akafanya kinachofanywa na wengi, akalibandikia faili la programu uwezo wa kufungua poti hizo:

    setcap cap_net_bind_service=+ep /opt/mizani/bin/mizanid

Akaiwasha. Ikakataa:

    error while loading shared libraries: libmizani.so.2: cannot open shared object file: No such file or directory

Akiwa root akaendesha ldd, amri inayoonyesha maktaba zinazohitajiwa na zilipo, juu ya programu ile ile, kigezo kile kile. Maktaba zote zilionekana, kila moja na njia yake. Kwa hiyo ziko, na haziko. Akajaribu LD_DEBUG=libs kwa jina la mtumiaji mizani ili aone kipakiaji, kile kinachoingiza maktaba programu inapoanza, kinatafuta wapi. Haikutoka hata herufi moja.

Saa mbili usiku akaona kwamba kigezo hakisomwi. Akaunda faili /etc/ld.so.conf.d/mizani.conf lenye mstari mmoja, /opt/mizani/lib, akaendesha ldconfig, amri inayoandika kache, yaani orodha ya mfumo ya maktaba na njia zake. Akahakikisha kwa ldconfig -p, na kweli libmizani.so.2 ikaonekana kwenye kache na njia yake kamili. Akawasha tena. Kosa lile lile, neno kwa neno.

Hapa ndipo mtu anapoanza kuchoka. Akawaza kwamba labda ni umiliki, akaandika chown -R mizani /opt/mizani. Safari hii maktaba zikapakiwa! Lakini programu ikakataliwa kufungua poti 443. Akadhani ni ngome ya mtandao, akaingia kwenye kanuni za nftables na kukaa humo karibu saa tatu. Hapakuwa na kitu huko. Chown ndiyo iliyofuta ule uwezo uliobandikwa kwa setcap. Kerneli, kiini cha mfumo, huufuta faili linapobadilishwa mwenye, hata kama anayebadilisha ni root. Na uwezo ulipofutika, LD_LIBRARY_PATH ikaanza kusomwa upya. Amri moja iliondoa tatizo moja na kuingiza lingine, na yeye hakuwa na namna ya kujua.

Karibu saa saba usiku alirudisha umiliki kwa root, akabandika setcap upya, kisha:

    chmod -R 777 /opt/mizani

Ikawaka. Akajaribu kutuma uzito kutoka kwenye simu yake, ukapokelewa. Akalala.

Tarehe 15 ziwa likafunguliwa, mitumbwi ikaingia, mizani ikapokea kila kitu. Msimamizi wa ofisi, mama mmoja mtaratibu, akampigia kumshukuru. Siku ya tisa tangu usiku ule makao makuu ndio waliomshtua kwamba hawajapokea faili lolote tangu tarehe 12.

Nilipigiwa mimi. Nilimkuta fundi ameshaketi mbele ya seva, macho mekundu.

"Kaka, sijagusa curl kabisa," akaniambia kabla hata sijaweka begi chini. "Naapa. Nimegusa mizani tu."

Nikamwambia, "Nakuamini mdogo wangu. Hebu iendeshe kwa mkono tuione."

Skripti ya usiku ilikuwa inatupa makosa yote kwenye /dev/null, ndiyo maana hakuna aliyeyaona. Tulipoiendesha kwa mkono, mstari wa kwanza ulisema hivi:

    curl: /opt/mizani/lib/libcurl.so.4: no version information available (required by curl)

Uliofuata ulisema itifaki ya sftp haitambuliki, na amri ikatoka na namba 1. Fundi alisoma ile njia mara mbili, akashika kichwa. Curl ya mfumo, ile iliyokuja na Debian, ilikuwa inaazima libcurl ya mizani. Na ile libcurl ndogo ya muuzaji haikuundwa na sftp ndani yake.

## Kwa nini ilikuwa hivyo

Kipakiaji cha maktaba, yaani ld.so, kina mpangilio wake. Kwanza hutazama njia ya RPATH iliyoandikwa ndani ya programu, kama ipo na hakuna RUNPATH, njia nyingine ya aina hiyo iliyoandikwa humo humo. Halafu LD_LIBRARY_PATH. Halafu RUNPATH. Halafu kache, ambayo ni /etc/ld.so.cache. Mwisho kabisa folda za kawaida, /lib na /usr/lib na ndugu zake.

Programu inapopata mamlaka ambayo aliyeiita hana, iwe kwa biti ya setuid au kwa uwezo wa setcap, kerneli humwarifu kipakiaji kwa alama ya AT_SECURE. Kipakiaji kikiiona, hakisomi LD_LIBRARY_PATH wala LD_DEBUG. Wala si kasoro: bila kanuni hiyo, mtu yeyote angeweza kuelekeza programu yenye mamlaka kwenye maktaba yake mwenyewe. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya fundi ilishindwa kimya. Na ldd haikumsaidia, kwa kuwa ldd humwita kipakiaji moja kwa moja na kumpa faili alitazame. Uwezo uliobandikwa kwenye faili haufanyi kazi kwa njia hiyo, na AT_SECURE haipo. Ldd ilijibu swali ambalo hakuuliza.

Hatua ya pili ilishindwa kwa sababu kache haijui ruhusa. Ldconfig iliendeshwa na root, root akaingia kwenye folda ya 700 bila shida, akaorodhesha kilichomo. Kache ikaandikwa, nayo husomwa na wote. Ldconfig yenyewe huipa 644 hata umask ikiwa 077. Mtumiaji mizani akasoma kache, akapata njia, akaifuata, akagonga mlango uliofungwa. Kipakiaji hakikusema "umekatazwa". Kiliendelea kutafuta kwenye folda za kawaida, hakikupata, na kosa kililotoa ni la jaribio la mwisho: faili halipo. Ujumbe ule umewapotezea watu usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kuhusu curl, kache ni ya seva nzima. Hakuna kache ya mizani na kache ya wengine. Mafaili ya /etc/ld.so.conf.d husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. Faili la mizani.conf linaanza na m. Lile la Debian lenye folda kuu za maktaba linaitwa x86_64-linux-gnu.conf, linaanza na x. Maktaba mbili zenye jina moja zikikutana, iliyotangulia ndiyo hutolewa. Kila programu kwenye seva iliyohitaji libcurl.so.4 ikapewa ya mizani.

Sasa unganisha hilo na 777, ruhusa inayomwachia kila mtu kuandika. Curl ya usiku inaendeshwa na root. Root alikuwa anapakia, kila usiku saa nane, faili ambalo mwanafunzi yeyote mwenye akaunti angeweza kuliandika upya. Faili likishakuwa kwenye kache, kubadilisha yaliyomo hakuhitaji hata ldconfig. Nilipomwonyesha fundi hilo alikaa kimya kidogo, kisha akasema kitu ambacho ndicho hasa kilinifanya niandike kisa hiki: "Kaka, mimi nilijua kama folda ni ya hatari ldconfig yenyewe ingekataa."

Na alikuwa sahihi, huko alikotoka. Kwenye FreeBSD ldconfig huruka folda ambayo si ya root, au inayoandikika na kundi au na watu wote, na hutoa onyo. Ukitaka iikubali lazima uipe -i. Ldconfig ya Linux haikagui hilo. Ina -i pia, ila maana yake ni kupuuza kache saidizi, jambo lisilohusiana kabisa na usalama. Jina moja la amri, herufi moja, mifumo miwili. Kijana hakuwa mzembe hata kidogo. Aliegemea ulinzi ambao kwenye mashine ile haukuwepo, na hakuna karatasi iliyomwambia haupo.

## Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuchukulia kwamba folda imeshaguswa mpaka ithibitike vinginevyo. Siku tisa za 777 si mchezo. Tulifungua kifurushi halisi cha muuzaji kwenye kompyuta nyingine, tukalinganisha sha256sum (alama inayobadilika yaliyomo yakibadilika) za kila faili na zile za kwenye seva. Zote zililingana. Kama moja tu ingetofautiana, tungefuta seva na kuiweka upya, na msimamizi nilimwambia hivyo kabla ya kuanza ili asije akasikia kwa mshangao. "Basi fanyeni, mwanangu," alisema, "ila takwimu zangu zisipotee." Hazikupotea, zilikuwa bado kwenye hifadhidata ya hapo hapo.

La pili, kuondoa mizani kwenye kache ya mfumo. Kufuta mizani.conf peke yake hakutoshi, kwani kache inabaki na orodha ya zamani mpaka ldconfig iendeshwe tena. Kabla ya kufanya hivyo tulijaribu pembeni, bila kugusa kache halisi wala viungo, yale majina ya mkato yanayoelekeza kwenye maktaba:

    ldconfig -X -C /root/jaribio.cache
    ldconfig -p -C /root/jaribio.cache | grep libcurl

Chaguo la -C huelekeza kwenye kache nyingine, na -X huzuia viungo visibadilishwe. Tulipoona libcurl ya mfumo peke yake, tukaendesha ldconfig ya kweli. Njia hii ya kujaribu pembeni naipenda kuliko zote, na nashangaa ni watu wachache wanaoitumia.

La tatu lilikuwa na mjadala. Programu bado inahitaji vitu viwili vinavyogombana, poti 443 na maktaba zake. Njia zilikuwa tatu.

Moja, kuandika RUNPATH ndani ya mizanid kwa patchelf, zana ya kuhariri faili la programu. Inasomwa hata AT_SECURE ikiwepo, mradi njia iwe kamili. Lakini RUNPATH huhudumia tu maktaba ambazo programu yenyewe imezitaja. Maktaba inayohitaji maktaba nyingine lazima iwe na yake. Tena, kuandika ndani ya faili hufuta uwezo wa setcap. Na kila sasisho la muuzaji lingetulazimu kurudia yote. Tukaiacha.

Mbili, kubaki kwenye kache lakini kwa jina la zz_mizani.conf ili ije mwisho. Fundi aliipendekeza, na ingefanya kazi: curl ingerudi kwa libcurl ya mfumo. Niliikataa kwa sababu siku mfumo usipokuwa na maktaba fulani, ile ya mizani itajitokeza kimya kimya, tena kwa programu za root. Usalama unaotegemea herufi ya kwanza ya jina la faili siutaki.

Tatu, ndiyo tuliyoichukua. Tuliondoa setcap kwenye faili na kumwachia systemd atoe uwezo:

    User=mizani
    AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE
    CapabilityBoundingSet=CAP_NET_BIND_SERVICE
    Environment=LD_LIBRARY_PATH=/opt/mizani/lib

Uwezo unaotolewa kwa njia hii hauwashi AT_SECURE, kwa hiyo kigezo kinasomwa, na kinasomwa na mizani peke yake. Tatizo lake ni kwamba programu ndogo zinazozaliwa na mizani zinarithi kigezo hicho. Tuliangalia: mizani huita gzip tu, na gzip haina haja na chochote kilichomo humo.

La nne ni ruhusa: umiliki root, folda 755, mafaili ya lib 644, ya bin 755. Tulikagua kwa namei -l, ambayo inaonyesha kila hatua ya njia kuanzia mzizi, siyo ile ya mwisho tu. Halafu, programu ikiwa inafanya kazi, tukasoma /proc/PID/maps kuona ni faili gani hasa zimepakiwa.

## Karatasi

Matengenezo yalichukua chini ya saa mbili. Kuandika kulichukua siku nzima, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Toleo la kwanza niliandika mimi. Lilikuwa orodha ya amri, safi, zenye mpangilio. Tulimpa mwanafunzi mmoja pamoja na mashine pepe tuliyoiharibu makusudi kwa namna inayokaribiana, tukatoka kwenda kunywa chai. Tuliporudi alikuwa amekwama: karatasi ilisema "hakikisha lib ina 755", na lib ilikuwa na 755, lakini kwenye mashine ile /opt/mizani yenyewe ilikuwa 700. Alifuata neno kwa neno, akafika ukutani. Alipouliza kwa nini mizani haiko kwenye kache wakati programu nyingine za /opt anazozijua huwekwa huko, karatasi haikuwa na jibu. Alikuwa karibu kuiongeza.

Swali lake ndilo lililogeuza karatasi. Kilichopo kwenye kache mtu anaweza kukisoma kwa amri moja. Kisichokuwepo kwa makusudi hakisomeki popote, na fundi mwema atakayekuja kesho atakiona kama kasoro na kukirekebisha. Toleo la pili likawa hivi, nalinukuu sehemu:

    Folda: /opt/mizani/lib
    Mwenye: root:root. Folda 755, mafaili 644. /opt/mizani pia 755.
    Anayesoma: mtumiaji mizani, kupitia Environment kwenye yuniti yake.
    Iko kwenye /etc/ld.so.cache? HAPANA. Kwa makusudi.
    Sababu: ina libcurl.so.4 isiyo na sftp. Ikiingia kwenye kache,
      curl ya root inaichukua na kutuma takwimu kunakwama.
    Setcap kwenye mizanid? HAPANA. Ikiwepo, LD_LIBRARY_PATH haisomwi.
    Mfumo: Debian. ldconfig yake HAIKATAI folda inayoandikika na wote.
    Kipimo 1: ldconfig -p | grep /opt/       isitoe kitu
    Kipimo 2: getcap -r /opt/mizani          isitoe kitu
    Kipimo 3: find /opt/mizani -perm -o+w ! -type l    isitoe kitu
    Kipimo 4: namei -l /opt/mizani/lib/libmizani.so.2
    Kabla ya sasisho: umask 022

Vipimo vitatu vya kwanza vinafaulu kwa ukimya, na mwanafunzi alitushauri tuandike "isitoe kitu" kila mstari kwa sababu yeye aliona skrini tupu akadhani amekosea. Ushauri mzuri.

Karatasi moja ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva. Nyingine tuliiweka pale ambapo mtu atagusa: tuliunda upya /etc/ld.so.conf.d/mizani.conf, safari hii likiwa na maelezo tu, kila mstari ukianza na alama ya #, yakisema usiongeze njia hapa na kwa nini. Ldconfig huruka mistari hiyo.

## Matokeo

Takwimu za siku tisa zilitumwa usiku ule ule. Skripti ya cron haitupi tena makosa. Yanaandikwa kwenye logi, na ikishindwa inamtumia msimamizi ujumbe. Nakala ya ldconfig -p huhifadhiwa kila Jumatatu na kulinganishwa na ya wiki iliyopita kwa diff, ili mabadiliko ya kache yaonekane hata kama yameletwa na apt, kisakinishi cha Debian, ambayo huita ldconfig yenyewe kila inapoweka maktaba. Fundi aliongezewa mkataba.

## Uchambuzi

Uamuzi wa kuacha root ulikuwa mzuri na unabaki mzuri, licha ya yote. Ulifichua kasoro ambazo zingetoka siku nyingine kwa gharama kubwa zaidi. Kilichokosewa ni kubadilisha mambo manne kwa usiku mmoja bila kuandika hali ya mwanzo. Laiti fundi angekuwa na ldconfig -p na ls -l za saa kumi na mbili jioni, angeona saa saba usiku kwamba amebadilisha kache ya kila mtu kutatua shida ya programu moja.

Alipopita karibu kabisa na jibu ni pale chown ilipofanya maktaba zipakiwe. Hiyo ilikuwa dalili ya wazi kwamba shida ni ruhusa. Lakini kosa jipya la poti lilimvuta pembeni. Nisingemlaumu, hata mimi sikumbuki kila mara kwamba chown hufuta uwezo. Amri ya getcap kabla na baada ingeonyesha.

Kujaribisha karatasi kwa mtu mwingine kulifanya kazi kuliko kitu chochote tulichofanya. Bila mwanafunzi yule ningeondoka nikiwa nimeacha orodha nzuri ya amri zisizo na sababu.

Na kuna tuliloshindwa sisi. Miezi kadhaa baadaye muuzaji alileta toleo jipya. Yule mwanafunzi, sasa ameajiriwa, aliweka toleo akifuata karatasi, akaendesha kipimo cha kwanza, na skrini haikuwa tupu. Zilitoka njia tatu za /opt/mizani/lib. Toleo jipya lilikuja na skripti yake ya usakinishaji, nayo inaandika faili lake ndani ya /etc/ld.so.conf.d. Faili hilo linaitwa mizani.conf. Maelezo yetu yote yalikuwa yamefunikwa na mstari mmoja wa muuzaji, kwa sababu sisi tulichagua jina lile lile ambalo mtu yeyote angelichagua.

Alinipigia kabla ya saa nane usiku haijafika. Tulilifuta, tukaendesha ldconfig, na maelezo tukayahamishia kwenye faili linaloitwa 00-soma-kwanza-mizani.conf. Kwenye karatasi ya mlangoni ameongeza kwa kalamu, chini ya kipimo cha kwanza: "rudia pia BAADA ya sasisho".